Vioo Viwili vya Otranto

Otranto ni mji wa wakazi wasiofika 6,000, na ndio mji wa Italia ulio mashariki kuliko yote. Kusini yake kidogo kuna rasi iitwayo Punta Palascìa, na juu ya rasi hiyo umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1867. Kila mwaka mpya unapoingia, watu hukusanyika huko alfajiri na mablanketi yao kulisubiri jua, wakijihesabu kuwa Waitalia wa kwanza kuliona. Siku isiyo na ukungu, ng'ambo ya maji huonekana milima ya Albania. Kutoka huku hadi kule ni kama kilomita 72, takriban umbali wa boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja.

Umbali huo mfupi ndio ulioujenga mji huu, na ndio uliouvunja pia. Vitu vingi vinavyompeleka mgeni Otranto, kuanzia ngome na kanisa kuu hadi mabaki ya mashua pale bandarini, vilikuja kwa njia hiyo ya maji au vilijengwa kwa hofu yake.

Mimi nilifika huko nikiwa mwanafunzi, nikitokea Lecce, mji mkuu wa wilaya hiyo, ambao hauko mbali hata kilomita 50. Njiani ni mizeituni, kuta fupi za mawe na udongo mwekundu. Karibu na mji kuna machimbo ya boksiti yaliyofungwa miaka ya 1970. Maji yakajaa shimoni na kuwa ziwa la kijani katikati ya ardhi nyekundu kama kutu. Vijana huenda kupigia picha pale. Kaskazini kuna maziwa ya Alimini, na ufuo wa mchanga mweupe unaoitwa Baia dei Turchi, yaani Ghuba ya Waturuki. Watalii hujianika hapo majira ya joto, wengi wao bila kuuliza jina hilo limetoka wapi.

Wagiriki waliuita mji huu Hydrous, Warumi wakauita Hydruntum. Baada ya dola ya Roma ya magharibi kuanguka, Otranto ilibaki kwa karne nyingi mikononi mwa Konstantinopoli, hadi Wanormani walipoitwaa katika karne ya 11. Kanisa dogo la San Pietro, lililojificha kwenye vichochoro vya mji wa kale, lina michoro ya ukutani ya zama hizo za Bizanti, na maandishi yake ni ya Kigiriki. Nje ya mji palikuwa na nyumba ya watawa ya San Nicola di Casole, iliyosifika kwa maktaba yake na kwa kazi ya kunakili vitabu. Na mpaka leo, katika vijiji kadhaa vya ndani, wako wazee wanaozungumza Kigriko, lahaja ya Kigiriki iliyobaki kwenye kisigino cha Italia. Kwetu watu wa pwani hilo si jambo geni. Lugha ya ng'ambo huja na jahazi, ikaoa, ikazaa, na siku moja hakuna tena anayeiita ya kigeni.

Kanisa kuu liliwekwa wakfu mwaka 1088. Kwa nje ni la kawaida, ukuta mweupe wenye dirisha kubwa la duara. Ajabu yake iko chini ya miguu. Kati ya mwaka 1163 na 1165, mtawa aitwaye Pantaleone, kwa agizo la askofu mkuu Gionata, alitandika sakafu nzima kwa vijiwe vya rangi. Umechorwa mti mmoja mkubwa unaoanzia mlangoni hadi karibu na madhabahu, na shina lake limebebwa na ndovu wawili. Matawini mna Adamu na Hawa, Kaini na Habili, Nuhu akijenga safina, mnara wa Babeli, na miezi 12 ya mwaka, kila mmoja na kazi yake ya shambani. Lakini mna pia watu ambao hukutarajia kuwakuta kanisani. Yumo Aleksanda Mkuu, akipaa angani kwa kubebwa na viumbe wenye mwili wa simba na mabawa ya tai. Yumo mfalme Arthur wa hadithi za Waingereza, amempanda mnyama mwenye pembe kama za mbuzi. Kule mbele, ndani ya miduara, yumo Suleiman na Malkia wa Sheba.

Nililitembelea kanisa lile kwa saa nzima nikiwa nimeinamisha kichwa. Pantaleone aliishi mahali ambapo hadithi za Biblia, za Wagiriki na za kaskazini ya mbali zilikutana bandarini, naye hakuona sababu ya kuzitenga. Alizitundika zote kwenye mti mmoja. Ni kazi ya mtu aliyezoea kuona wageni wakishuka chomboni.

Miaka 300 baadaye, ndani ya kanisa hilohilo, walishuka wageni wa namna nyingine.

Mwaka 1480 Italia haikuwa nchi moja. Naples, Venice, Florence, Milan na dola ya Papa zilikuwa zikipigana na kupatana kila uchao. Venice ilikuwa imefanya amani na Waturuki mwaka mmoja tu nyuma. Jeshi la Mfalme Ferrante wa Naples, ambaye Otranto ilikuwa chini yake, lilikuwa mbali huko Toscana pamoja na mwanawe Alfonso. Ng'ambo ya maji alikuwepo Sultan Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, na Albania ilikuwa imeshaingia mikononi mwake. Merikebu zake, chini ya Gedik Ahmed Pasha, ziling'oa nanga kutoka bandari ya Vlorë, na tarehe 28 Julai zikaonekana mbele ya Otranto.

Mji haukuwa na jeshi la maana. Ulihimili mizinga kwa muda wa wiki mbili, na tarehe 11 Agosti kuta zikabomoka. Askofu mkuu Stefano Pendinelli, mzee wa miaka mingi, aliuawa ndani ya kanisa lake. Wanawake na watoto wengi walichukuliwa utumwani. Tarehe 14 Agosti, wanaume wapatao 800 walipelekwa kwenye kilima cha Minerva, nje kidogo ya mji, wakakatwa vichwa. Nyumba ya watawa ya Casole nayo iliharibiwa, na maktaba yake ikatawanyika.

Waturuki waliushika mji kwa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Mehmed alifariki Mei 1481, wanawe wakaanza kugombea kiti, na Septemba jeshi lililobaki Otranto likajisalimisha kwa Alfonso. Katika muda huo kanisa kuu lilikuwa limegeuzwa msikiti. Sakafu ya Pantaleone ilinusurika. Aleksanda na Arthur wako palepale.

Alfonso alijenga ngome mpya, nene, yenye minara ya duara na handaki kuizunguka, ili jambo lile lisitokee tena. Ndiyo ngome inayoonekana leo, na jina lake lilivuma Ulaya nzima kwa sababu ya ajabu. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa riwaya yenye jina la ngome ya Otranto, na riwaya hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mama wa hadithi za kutisha za Kiingereza, zile za majumba yenye mizuka. Walpole hakuwahi kukanyaga Otranto. Alilichagua jina kwenye ramani kwa kuwa lilimpendeza sikioni, na miaka mingi baadaye ndipo aliposikia kwamba kweli kuna ngome huko. Hofu ya kubuni ikawa maarufu kuliko hofu iliyoijenga ngome yenyewe.

Waliokufa kilimani wamo ndani ya kanisa kuu, kulia kwa madhabahu. Mifupa yao imepangwa kwenye makabati makubwa ya vioo, fuvu juu ya fuvu, kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu. Huwezi kukwepa kuwatazama. Kati ya watu wote hao 800, anayejulikana sana kwa jina ni mmoja, Antonio Primaldo, ambaye masimulizi yanasema alikuwa mshonaji mzee na ndiye aliyetangulia kuchinjwa. Masimulizi huongeza kwamba mwili wake usio na kichwa ulisimama wima mpaka wa mwisho alipouawa. Kanisa Katoliki liliwapa daraja la wenye heri mwaka 1771. Tarehe 11 Februari 2013, katika kikao kilekile alichotangaza kwamba anajiuzulu, Papa Benedikto wa 16 alitaja siku ya kuwafanya watakatifu, na tarehe 12 Mei mwaka huo Papa Fransisko akalikamilisha jambo hilo. Wanaitwa Antonio Primaldo na wenzake.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Mombasa. Kusimama mbele ya mifupa ile kulinitaka nifikiri, wala sikutaka kukimbilia majibu mepesi. Kanisa linasema watu hawa walitakiwa wasilimu, wakakataa, wakafa kwa ajili ya imani. Wako wanahistoria wanaosema kwamba habari za mwanzo kabisa zinataja zaidi kisasi cha vita, utumwa na fidia, na kwamba simulizi la dini lilikomaa baadaye, hasa katika ushahidi uliokusanywa mwaka 1539, karibu miaka 60 baada ya tukio. Wengine wanashikilia kwamba mashahidi wale walikuwa vijana mwaka 1480 na walikuwa wakisema walichokiona. Mjadala haujaisha. Lakini fuvu halingojei mjadala. Hawa walikuwa raia walioshindwa vita, wakauawa baada ya mapigano kwisha, na hakuna tafsiri ya dini yangu ninayoijua mimi inayolifanya jambo hilo kuwa jema.

Na sisi Mombasa tunayo hadithi ya aina hiyo, tena imefungamana na bahari ya Waturuki hawahawa. Karibu karne moja baada ya Otranto, nahodha wa Kituruki Mir Ali Bey alifika pwani yetu na wenyeji wakamkaribisha dhidi ya Wareno. Wareno walipomshinda mwaka 1589, waliamua kujenga ngome, na mwaka 1593 wakaanza Fort Jesus kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati wa Milan. Agosti 1631, mtawala Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni, akamuua kapteni, na Wakristo waliokataa kuiacha dini yao wakauawa. Kwa Wakatoliki, hao ni wafiadini wa Mombasa. Kwetu mitaani, Yusuf ni shujaa aliyekataa kutawaliwa. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake. Nimekua nikilisikia moja tu, na ilinibidi nikae mbele ya mifupa ya watu wa mbali ndipo niwafikirie wale waliokufa umbali wa dakika 20 kwa miguu kutoka nyumbani kwetu.

Kutoka kanisani nilishuka mpaka bandarini. Hapo kuna kitu ambacho mgeni anaweza kukipita akidhani ni sanaa ya mjini tu: bodi la mashua ya chuma, lililowekwa tabaka za vioo vya rangi ya bahari. Ni kazi ya msanii wa Kigiriki Costas Varotsos, iliyozinduliwa mwaka 2012, na chuma kile ni cha mashua iliyoitwa Kater i Radës.

Habari yake inaanzia kwenye upatu. Baada ya ukomunisti kuanguka Albania, yalizuka makampuni yaliyowaahidi watu faida kubwa kwa muda mfupi, yakiwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. Watu waliuza nyumba na mifugo wakaingiza humo. Mwanzoni mwa mwaka 1997 yakaporomoka, serikali ikayumba, maghala ya silaha yakavunjwa, na maelfu wakakimbilia baharini. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi jinsi upatu unavyomaliza watu.

Puglia ilikwisha kuwaona Waalbania. Machi 1991 maelfu walifika Brindisi, na wenyeji wakawafungulia nyumba, wakawapa nguo na chakula. Agosti mwaka huohuo meli iitwayo Vlora ilitia nanga Bari ikiwa na watu wapatao 20,000; wengi walifungiwa katika uwanja wa mpira, kisha wakarudishwa kwao. Kati ya Machi na Agosti mkono ulikuwa umekunjwa. Kufikia mwaka 1997, neno uvamizi lilikuwa limezoeleka katika siasa za Italia, na manowari zilikuwa zimetumwa mlangoni mwa bahari kuvizuia vyombo vya wakimbizi.

Kater i Radës ilikuwa mashua ndogo ya doria, ya zamani, iliyoundwa kwa ajili ya mabaharia wachache. Tarehe 28 Machi 1997, siku ya Ijumaa Kuu, iliondoka Albania ikiwa na zaidi ya watu 100, wanawake na watoto wakiwa wengi. Jioni hiyo, kwenye maji kati ya Albania na Otranto, iligongana na manowari ya Italia iliyoitwa Sibilla, iliyokuwa ikijaribu kuizuia. Mashua ikazama. Watu 81 walikufa, na baadhi yao hawakuonekana kamwe. Baada ya kesi ya miaka mingi, mahakama za Italia ziliwatia hatiani wote wawili, aliyeongoza mashua na aliyeamuru manowari.

Bandari ambayo mashua ile iliondokea ni Vlorë, ileile ya Gedik Ahmed Pasha.

Nilipoligundua hilo nilikaa kwenye ukuta wa gati kwa muda. Bandari moja, maji yaleyale, na miaka 517 katikati. Mara ya kwanza walitoka watu wenye mizinga wakaua 800. Mara ya pili walitoka watu wenye mabegi na watoto, wakafa 81. Lakini ng'ambo ya huku walipokewa kwa neno moja. Mlinzi anayetazama bahari kutoka mnarani huona chombo kinakuja tu. Hajui kimebeba nini. Kinachoamua ni hadithi aliyokuwa akisimuliwa tangu utotoni kuhusu upande ule.

Sisemi kwamba wafu wa 1480 ndio waliosababisha msiba wa 1997. Manowari hazikutumwa na mafuvu. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu ya kuumizwa ni mali, na kama mali nyingine yoyote, inaweza kutumiwa kujenga au kufunga mlango. Mji uliowahi kuchinjwa na wageni unaweza kusema: ndiyo sababu tunaogopa. Unaweza pia kusema: ndiyo sababu tunajua maana ya kufa bila msaada huku majeshi ya ndugu zako yakiwa mbali. Otranto, kwa kulikubali chuma lile bandarini, ilichagua walau kwa nusu kusema la pili. Kuna miji mingi ya pwani, kwetu na kwao, ambayo ingeuza mashua ile kwa vipande vya chuma chakavu na kunyamaza.

Hata hivyo bado kuna tofauti inayonisumbua. Watakatifu 800 wana kanisa, sikukuu yao ya Agosti na mahujaji wao, ila majina yao takriban yote yamepotea. Wale 81 wana majina. Jamaa zao wako hai, huyataja, na kila tarehe 28 Machi wapo wanaorudi majini kutupa maua. Hawana altare wala anayewaombea msamaha kwa sauti kubwa. Pengine historia ndivyo inavyofanya kazi: wafu hupata heshima kamili wakati ambapo hakuna tena aliye hai wa kudai kitu kwa niaba yao. Mtu wa mwaka 1480 hawezi kufungua kesi.

Ukijaliwa kwenda Otranto, nenda Mei au Septemba, kabla au baada ya msongamano wa kiangazi. Ogelea Baia dei Turchi. Panda ngomeni jioni, kula pweza wa kuchoma, tembea hadi Punta Palascìa kama miguu inaruhusu. Lakini anza bandarini, kwenye kioo cha kwanza. Wengi huanza kanisani, na wakitoka huko na mafuvu yale kichwani, chuma lile huwaonekea dogo. Ukitangulia kusimama na wale 81, kisha ukapanda vichochoro hadi kwa wale 800, utavuka sakafu ya Pantaleone kabla ya kuwafikia. Utapita juu ya Nuhu, aliyepiga misumari kwa sababu maji yalikuwa yanakuja, na utayatazama makabati ya vioo ukijua kwamba wapo na wengine.